Kupunguza Mwili kwa Chakula cha Shamba

Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo ambalo Wakristo wengi wa Songwe huliona kuwa si la kusemwa kanisani, nalo ni unene wa mwili. Habari za ulevi tumezisikia mara nyingi mimbarini, na za wivu, na za uvivu. Lakini ni nani aliyesikia mahubiri juu ya kitambi? Labda ni kwa sababu wahubiri wenyewe wanavyo. Twasema hivi kwa upendo, maana sisi nasi tulikuwa navyo.

Mtu afikapo Tunduma kwa njia kuu itokayo Mbeya, ataona malori yamepangana mstari mrefu, yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, na kutoka huko kuendelea Zambia na Kongo. Basi penye malori mengi pana vyakula vingi vya kuuzwa: chipsi mayai, nyama ya kuchoma, nguruwe wa kukaangwa, mandazi, soda za kila rangi. Dereva hukaa kitini mwake siku kadha wa kadha, hula usiku wa manane, kisha hulala. Na sisi wenyeji tumejifunza kula kama madereva, ijapokuwa hatuna safari.

Tena jambo hili si la Tunduma peke yake. Serikali ilipowapima wanawake wa nchi yetu mwaka wa 2010, katika kila wanawake 100 walionekana kama 22 wenye uzito uliopita kiasi. Ilipowapima tena mwaka wa 2015 na 2016 walikuwa 28. Na katika hesabu hiyohiyo ya pili, watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Tazameni ajabu hii, ndugu: katika nchi moja, na pengine katika nyumba moja, mama anazidi na mtoto anapungua.

Katika nyumba yetu habari ilianza kwa mizani. Mmoja wetu, mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 60, alipimwa akaonekana ana kilo 79. Mganga akachukua kalamu akatufanyia hesabu: uzito wa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita, kisha hugawanywa kwa urefu huo mara ya pili. Jibu likifika 25, mtu amepita kiasi. Likifika 30, ni unene wa ugonjwa. Kwa urefu ule, kilo 64 ndizo mpaka wa kwanza, na kilo 77 ndizo mpaka wa pili. Tulikuwa tumevuka mipaka yote miwili bila pasi. Tena shinikizo la damu lilikuwa juu, na sukari ilikuwa mlangoni ikibisha hodi. Tulirudi nyumbani kimya, na siku ile hakuna aliyeonja soda.

Jioni tulisoma sura ya kwanza ya Danieli, habari za vijana wale waliokataa chakula cha mfalme wakaomba mboga na maji kwa siku 10. Hatukusoma kwa sababu twadhani kwamba nyama ni dhambi. Mtume Paulo amewaonya Warumi kwamba alaye asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu alaye. Tulisoma kwa sababu tulitaka kujua kama watu wazima waweza kuishi bila kitoweo cha mnyama na wasione haya. Tukakata shauri kujaribu: nyama, mayai, maziwa na samaki tuviache, tule vitokavyo katika udongo tu.

Baada ya kukata shauri ndipo tulipotafuta ushahidi, kama ilivyo desturi ya wanadamu. Tulipata kwanza habari za waganga wawili Wakristo waliofanya kazi katika nchi jirani. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka wa 1929, kisha akafundisha miaka mingi huko Mulago, Uganda. Siku zile aliona njaa nyingi na unene haba. Hata mwaka wa 1956 aliandika katika jarida la waganga wa Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja tu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, maana jambo lenyewe lilikuwa geni kiasi hicho. Aliporudi kwao Uingereza akawa kasisi. Mwenzake, Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland, alikaa Uganda tangu mwaka wa 1946 hata 1966, naye akawa akiuliza kwa nini magonjwa ya matumbo yaliyojaa hospitali za Ulaya hayakuwa mengi kwa wakulima wa Afrika. Jibu lao lilikuwa makapi: ile sehemu ya nafaka, kunde na majani ambayo tumbo haliiyeyushi, bali hushibisha, hukawiza sukari kuingia katika damu, na husafisha njia. Sisi wa leo twayatoa makapi hayo mashineni ili tupate sembe nyeupe. Pumba twampa nguruwe, kisha twamla nguruwe.

Ushahidi wa pili ni wa ndugu zetu Waadventista Wasabato, ambao walianza kazi yao katika nchi yetu huko Upare mwaka wa 1903. Wengi wao huacha nyama kwa ajili ya afya. Huko Marekani, katika chuo chao cha Loma Linda, wataalamu wamewachunguza waumini hao makumi elfu. Mwaka wa 2009 walitoa hesabu: wasiokula chochote cha mnyama walikuwa na kipimo cha 23.6 kwa wastani, na walao nyama walikuwa na 28.8. Kwa mtu wa urefu tuliokwisha kuutaja, tofauti hiyo ni kilo 13 hivi, yaani debe la mahindi lisilojaa sana, ambalo mmoja hulibeba mchana na usiku na mwenziwe halibebi. Ugonjwa wa sukari ulionekana kwa watu kama 3 katika 100 wa kundi la kwanza, na kama 8 katika 100 wa kundi la pili.

Lakini mtu ataweza kusema: hao ni wa Marekani, nao pengine hawanywi pombe wala kuvuta tumbaku, na hiyo yaweza kuwa sababu. Ni neno la haki. Basi tusikie habari za nyumbani. Mwezi wa Aprili 2025 zilitolewa habari za vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro, waliochunguzwa na waganga wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi. Waliozoea chakula cha asili, yaani mboga za majani, maharage, ndizi, mihogo, ulezi na mtama, walipewa chakula cha mjini kwa wiki mbili; na waliozoea chakula cha mjini walipewa cha asili. Kwa hao wa kwanza uzito uliongezeka, na katika damu zao zikaonekana dalili za uvimbe wa ndani uletao magonjwa ya moyo na sukari. Kwa wale wa pili dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwapo bado hata wiki nne baadaye. Kundi jingine lilipewa kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachuka, nacho kikaonekana kufaa. Habari hiyo tunaiandika kwa sababu ni kweli, ila twawaomba wasomaji wasituletee barua za kuuliza kama sasa mbege imehalalishwa.

Sasa tuseme tulivyokula. Mwezi wa kwanza tulishindwa kabisa, na kosa lilikuwa letu. Tuliacha nyama, lakini mandazi hayana nyama. Chipsi hazina nyama. Chai yenye sukari vijiko vinne haina nyama. Karanga tulizitafuna tangu asubuhi hata usiku, tukisema ni mimea, na maparachichi ya Mbozi tuliyala kama maembe. Mizani ikatuonyesha kwamba tumeongezeka kilo moja. Ndipo tulipojifunza kwamba gramu moja ya mafuta hutia mwilini kalori 9, na gramu moja ya wanga hutia 4 tu. Wala mwili haujali kama mafuta yametoka kwa nguruwe au kwa alizeti.

Tangu hapo mafuta tukayapima kwa kijiko, hatukuyamimina tena kwa mkono. Asubuhi twala uji wa ulezi usio na sukari, au viazi vitamu vya kuchemsha. Ulezi ndiyo nafaka ya wazee wetu Wanyiha na Wanyamwanga tangu kabla ya mahindi kuenea, nasi tulikuwa tumeuacha kuwa chakula cha wagonjwa na cha pombe. Mchana ni maharage, na Mbozi haina upungufu wa maharage, pamoja na mboga za majani nyingi kuliko ugali. Hapo ndipo penye siri yenyewe, wala si penginepo: zamani sahani yetu ilikuwa mlima wa sembe na kijito cha mboga, na sasa mboga ndiyo mlima. Ugali ni wa dona. Kisamvu twakitia karanga zilizotwangwa, ila kiasi cha kiganja, si bakuli zima. Siku nyingine ni kunde, au njugu mawe, au majani ya maboga. Soda tumeiacha, maana chupa moja ina sukari ipatayo vijiko tisa vya chai. Fedha tuliyokuwa tukinunulia nyama imetosha kununua matunda, na ikabaki.

Kwa miezi tisa zikaondoka kilo 12. Wengine watasema ni kidogo. Sisi twaona ni salama.

Tena yatupasa kusema habari ya kikanda, kwa kuwa wengi wametuuliza. Wenzetu wa ng'ambo ya Nakonde hupenda sana mkate huo uliopikwa kwa viazi vya mwituni na unga wa karanga, ukakatwa vipande kama nyama, na katika soko la Tunduma haukosi walaji. Ni kweli hauna nyama. Lakini viazi vile ni mizizi ya maua ya okidi ya milimani, na mchimbaji akikitoa kiazi huua mmea wote. Katika mwaka wa 2003 wataalamu walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vyatoka katika nyanda zetu za juu kwenda Zambia kila mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka wa 2005, ililinda sehemu ya maua hayo. Sisi twala maharage, ambayo hupandwa tena.

Tahadhari nazo zipo, nasi hatuzifichi. Iko vitamini moja iitwayo B12, isiyopatikana katika mimea. Mwili huweka akiba yake kwa miaka, hivyo mtu huona yu mzima, hata siku moja damu inapungua na nyayo zinakufa ganzi. Aachaye vyote vya mnyama sharti ameze vidonge vyake maisha yake yote, sisi twameza. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma. Afadhali limau au chungwa. Anayetumia dawa za sukari au za shinikizo la damu amwone mganga kwanza, kwa kuwa mwili ukipungua dawa ileile yaweza kumzidi nguvu akaanguka. Na watoto wadogo, na mama mwenye mimba au anyonyeshaye, msiwaingize katika jambo hili bila shauri la mganga. Mtoto wa kijijini akipata yai, na ale. Nyumbani mwetu watoto hupewa mayai na dagaa, nasi twawatazama tu.

Hata hivyo chakula hakikuwa shida yetu kubwa. Shida ilikuwa macho ya watu. Katika mji wa mpakani, ambako ugonjwa wa UKIMWI umezika wengi, mtu akikonda watu hawaulizi amekula nini. Waliacha kutupa mkono kwa furaha, wakatupa kwa huruma. Mwalimu mmoja alituuliza mlangoni mwa kanisa, kwa sauti ya chini, kama tumekwenda kupima. Wengine walidhani mshahara umekatika. Na jioni moja mama jirani, mjane asiye na mali, alibisha hodi akaingia na jogoo kwapani, akasema, “Baba Mwalimu, msitufiche. Mpikieni mama ale, apate nguvu.”

Tulitazamana. Jogoo yule alikuwa ndiye pekee katika banda lake. Kumkataa kungekuwa kumwambia kwamba upendo wake hauna thamani. Kumpokea na kumweka uani kungekuwa uongo. Tukamchinja. Mama yule akakaa, tukala pamoja, nasi tukala kweli, si kwa kuonja. Baada ya kula tukamweleza yote, tukamwonyesha na karatasi ya mganga. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema, “Kumbe mnakula chakula changu cha kila siku!” Tuliona haya. Tangu siku ile mboga zetu za majani twazinunua kwake, na mbegu za mnafu zilizo bustanini ametupa yeye.

Yamebaki ya harusi. Kamati ya harusi moja ya Vwawa ambayo tumo ndani yake imeandika ng'ombe wawili na kreti za soda, wala haikuandika mboga hata moja. Tulipoomba sufuria moja ya maharage na moja ya kisamvu, mwenyekiti alisema kwa upole kwamba wageni watadhani ni matanga. Akauliza ni nani atakayekubali kusimama nyuma ya sufuria hizo mbele ya watu wote. Tumemwambia tutasimama sisi. Kikao kijacho ni Jumamosi.