Kaburi la Nzaui

Kusini mwa mji wa Machakos liko jabali kubwa liitwalo Nzaui. Zamani mahali hapo palikuwa katika Wilaya ya Machakos. Siku hizi ni Kaunti ya Makueni. Hapo ndipo alipofika Bwana Peter Cameron Scott pamoja na wenziwe, tarehe 12 Desemba 1895. Walikuwa wametoka Mombasa kwa miguu pamoja na wapagazi wao, kwa maana reli ilikuwa haijafika bara.

Scott alizaliwa Glasgow, akakulia Marekani. Afrika haikuwa ngeni kwake. Alikwisha kwenda Kongo, na ndugu yake John akamfuata huko. Lakini John hakukaa sana, alikufa, na Peter mwenyewe akamchimbia kaburi. Kisha naye akaugua, hata ikambidi kurudi Ulaya. Katika London aliingia kanisa la Westminster alikozikwa Livingstone, akapiga magoti kando ya kaburi lile, akaazimia kurudi. Mtu mwingine angalisema yatosha.

Katika muda wa mwaka mmoja vituo vinne vilifunguliwa: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Wazazi wa Scott nao wakaja, pamoja na dada yake mdogo. Ndipo homa ya mkojo mweusi ikamshika. Alikufa tarehe 4 Desemba 1896, naye ana umri wa miaka 29, akazikwa Nzaui. Wengine wakafa baada yake, na wengine wakarudi kwao kwa ugonjwa. Ilipofika katikati ya mwaka 1899 alikuwa amebaki mmoja tu.

Siku zile Ukambani ilikuwa katika njaa kuu, ambayo Wakamba huiita Yua ya Ngomanisye, na ndui ikaifuata njaa. Basi waliozikwa na wamisheni ni wachache mno wakilinganishwa na wenyeji waliokufa katika vijiji, ambao majina yao hayakuandikwa.

Katika wenziwe Scott alikuwamo Willis Hotchkiss. Huyu alisumbuliwa na neno moja. Alitaka kuwaeleza watu habari za Mwokozi, lakini muda wa miaka miwili na zaidi hakulipata neno la Kikamba la kuokoa, hata alipouliza kwa njia nyingi. Jioni moja penye moto, msimamizi wake aitwaye Kikuvi alikuwa akisimulia jinsi simba alivyomrukia mmoja wa wamisheni, naye Kikuvi akamnusuru. Katika masimulizi hayo Hotchkiss akalisikia neno. Akauliza upesi kama ndilo. Kikuvi akafurahi: ndilo lile alilokuwa akiulizwa miezi yote. Yafaa ikumbukwe kwamba aliyemfundisha mhubiri neno la wokovu alikuwa Mkamba, tena aliyekwisha kulitenda.

Wakamba waliofuata dini hiyo walikuwa na mateso ya namna nyingine, tena yasiyoponywa kwa dawa ya homa. Mvua ilipokosa, wazee walikwenda kutoa sadaka kwenye ithembo, na ukoo mzima ulitazamiwa kushiriki. Kijana aliyekataa alionekana kuwa anawaletea wenziwe balaa. Wazee hawakufanya hivyo kwa ukatili. Walihofia mifugo na watoto wao. Hata hivyo ni jambo gumu kutengwa na baba yako kwa ajili ya imani, na kuendelea kumheshimu.

Mwaka 1902 kituo cha Machakos kilifunguliwa. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Mwaka 1971 kanisa lililotokana na misheni ile likawa mikononi mwa Waafrika wenyewe. Chuo cha kufundisha wachungaji kilichofunguliwa Machakos mwaka 1962, ambacho sasa ni chuo kikuu, kilipewa jina la Scott.