Suam na Turkwel: Mto Mmoja, Majina Mawili

Maji ya Mto Sosiani, yanayopita mjini Eldoret, si mbali na mtaa wa Munyaka, huelekea magharibi, huingia Mto Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria. Kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Kitale, uko mto ulioshika njia nyingine. Huo ni Suam, ambao wengi huujua kama mstari wa mpaka tu baina ya Kenya na Uganda.

Chimbuko lake ni kasoko ya Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321. Mto hutoka kwa ufa ulioko mashariki mwa kasoko hiyo, penye chemchemi za maji moto, kisha hutenganisha nchi hizi mbili. Utengano wenyewe ni wa kiserikali zaidi: Wasabaot wa Kenya na Wasebei wa Uganda husemezana kwa lugha za jamii moja, na mahindi na mifugo huvuka kwenda sokoni.

Mbele zaidi mto huingia Pokot Magharibi. Huko nako mipaka haikutulia. Eneo la Karasuk, lililo ng'ambo ya mto, lilikuwa la Kenya kisheria lakini likatawaliwa kutoka Uganda tangu 1932 hadi 1970.

Katika korongo la Turkwel, ambalo pia ndilo jina la mto kuanzia hapo, lilijengwa bwawa kati ya 1986 na 1991. Ukuta wake una kimo cha mita 153, na mitambo yake huweza kuzalisha megawati 106 za umeme. Mamlaka ya Ustawishaji wa Bonde la Kerio, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake Eldoret. Kwa hiyo mengi yahusuyo mto huu huamuliwa mjini humo, mbali na wanaoutegemea zaidi.

Hao ni Waturkana wa nyanda kame za chini, hadi Lodwar na Ziwa Turkana. Kwao msitu wa kandokando ya mto ni mali: kila familia ina haki ya kutumia miti ya sehemu yake, iitwayo ekwar, na matunda ya migunga hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Miti hiyo ilistawi kwa mafuriko ya msimu. Sasa mafuriko hayo, kwa sehemu kubwa, hutegemea kiasi cha maji kinachoachiliwa bwawani.