Ruzuku, Mkopo na Malezi ya Watoto Wadogo: Mfano wa Mpanda

Tunapozungumza juu ya uchumi wa Mkoa wa Katavi, kwa kawaida tunazungumza juu ya mahindi, mpunga, tumbaku na dhahabu. Ni mara chache tunauliza ni nani anayemwangalia mtoto wa miaka mitatu wakati mama yake yuko shambani au kwenye mialo ya dhahabu. Jambo hilo tunaliita la nyumbani, na kwa kuliita hivyo tunaliondoa katika bajeti. Katika makala hii tunashikilia kwamba malezi ya mchana ni sehemu ya uzalishaji mali, na kwamba halmashauri inayotoza ushuru wa mazao inawajibika kuyachangia kwa ruzuku, wala si kwa mkopo.

Tuanze na hali halisi. Mwaka 2012, mwaka ambao Katavi ilimegwa kutoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni wakulima na wafugaji waliohamia kutafuta ardhi na malisho. Sasa, mhamiaji huja na mkewe na watoto wake, lakini bibi wa watoto hao mara nyingi hubaki alikotoka. Msaada wa malezi uliokuwa ukitolewa na ukoo bila malipo umekatika njiani. Tena, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza, kiwango kilichozidi mikoa yote. Mama mwenyewe bado alihitaji kulelewa. Basi mtoto huachiwa dada yake wa miaka kumi, na dada huyo haendi shule.

Serikali haikuanza jana kulitambua jambo hili. Mwaka 1981 ilitungwa sheria maalumu ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Katika miaka ya 1983 hadi 1988 mpango wa lishe wa Iringa, ulioanzia katika vijiji 168, ulihimiza vijiji kuwa na vituo vya kulishia watoto wakati wazazi wako kazini. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta ile ya 1981 na kuyaingiza mambo yake ndani yake. Kifungu cha 94 kinaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wajibu umeandikwa waziwazi. Fungu la fedha la kuutimiza halikuandikwa pamoja nao.

Mtu atauliza: je, halmashauri hazitengi asilimia 10 ya mapato yake ya ndani? Zinatenga. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, ukapangwa upya na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini fedha hizo ni mkopo. Hazina riba, ni kweli, ila lazima zirudi, na hurudi kutokana na faida. Kituo kisichoendeshwa kwa faida kitarejesha kwa kitu gani?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kituo kina watoto 40 na walezi wawili, na kila mzazi anatoa shilingi 500 kwa siku. Kwa siku 22 za mwezi zinapatikana shilingi 440,000. Uji na kuni, tuseme shilingi 300 kwa mtoto kwa siku, vinakula 264,000. Zinabaki 176,000, yaani 88,000 kwa kila mlezi, na bado hatujanunua sabuni. Hiyo ndiyo miezi mizuri. Katavi mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Hiyo ndiyo miezi ya kulima na kupalilia, ambapo mama anakihitaji kituo kuliko wakati wowote, na ndiyo miezi ambayo ghala ni tupu na mfukoni hakuna kitu. Nusu ya wazazi wakishindwa kulipa, zinaingia 220,000, nazo hazitoshi hata uji peke yake. Ongeza hapo rejesho la mkopo! Kikundi kitakuwa na njia mbili: kufunga mlango, au kupandisha ada hadi wabaki watoto wa wenye mishahara mjini. Kwa njia hiyo ya pili kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya mkulima kinageuka kuwa biashara, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Wako ndugu wanaosema kuwa ruzuku huua moyo wa kujitegemea. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini imeelekezwa pasipo pake. Mahindi na tumbaku vinavyotozwa ushuru Mpanda, Nsimbo au Mishamo vimelimwa kwa sehemu kubwa na mikono ya akina mama hao hao. Sehemu ya ushuru ikirudi kumlipa mlezi, anayejitegemea ni nani kama si wao? Wanakijiji watoe kiwanja, matofali, kuni na kamati; halmashauri itoe posho ya walezi na chakula cha miezi ya kilimo. Hesabu zibandikwe kwenye mbao za matangazo, ili mzazi asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko kwenye namna ya kupanga ruzuku yenyewe. Afrika Kusini hulipa vituo kwa kila mtoto kwa siku. Kiwango cha randi 17 kilikaa pale pale kuanzia 2019 hadi bajeti ya 2025 ilipokipandisha kuwa 24, na katika miaka hiyo bei ya chakula haikuwa ikisubiri. Kiasi kisichopimwa upya kila mwaka huliwa na bei. Pia, kanuni ikisema ruzuku ni ya vituo vilivyosajiliwa tu, fedha zote zitaishia Mpanda mjini, penye majengo yenye uzio na vyoo. Kituo cha chini ya mwembe karibu na machimbo kitakosa usajili kwa kukosa choo, kisha kitakosa fedha za choo kwa kukosa usajili. Kwa sababu hiyo fedha za mwaka wa kwanza ziende kwenye vyoo, maji na mafunzo ya walezi, na maofisa ustawi wa jamii wavifuate vituo huko viliko.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na mapendekezo ya vijiji na mitaa hukusanywa miezi kadhaa kabla. Kamati inayokumbuka malezi mvua za Novemba zinapoanza itakuta mafungu yamekwisha gawanywa, na majembe yako tayari mashambani.