Ini, Jeni na Kimo cha Mtoto

Katika Kiswahili ini ni zaidi ya kiungo cha mwili. Uchungu mkubwa husemwa kuwa "hukata maini". Elimu ya viumbe nayo imelitambulia ini wajibu mwingine: kushiriki katika kuamua kasi ya ukuaji wa mtoto baada ya kuzaliwa. Makala haya yanaeleza wajibu huo na uzito wake kwa watoto wa mji kama Lubumbashi.

Mtoto akiwa tumboni, ukuaji wake hautegemei sana homoni ya ukuaji, ambayo hutolewa na tezi iliyo chini ya ubongo. Baada ya kuzaliwa hali hubadilika. Jeni ya kipokezi cha homoni hiyo huamka katika seli za ini, na vipokezi huongezeka. Homoni inaponasa kwenye kipokezi, protini iitwayo STAT5b huingia katika kiini cha seli na kuiwasha jeni nyingine, ile ya IGF-1. Zao la jeni hii humiminwa katika damu, likaichochea gegedu iliyo karibu na ncha za mifupa mirefu, na kimo kikaongezeka. Mpatanishi huyo wa damuni alidhihirishwa nchini Marekani na Salmon na Daughaday mwaka 1957. Hata hivyo, ini halifanyi kazi peke yake. Majaribio ya panya ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa mifupa yenyewe pia hujitengenezea IGF-1.

Jeni hizi hurithiwa, lakini kuwashwa kwake hutegemea chakula. Mjini Lubumbashi mlo husimama juu ya bukari, yaani ugali wa mahindi. Bukari ikiandamana na maharagwe, samaki au mayai, ini hupata protini linayohitaji. Ikiliwa karibu peke yake siku nenda siku rudi, ini hupoteza usikivu: tezi hutoa homoni, pengine kwa wingi kupita kawaida, ilhali IGF-1 hupungua. Vipimo vya watoto wenye kwashiorkor vimeonyesha jambo hilo. Huo si uharibifu, bali ni ubanaji wa matumizi. Mwili hulinda uhai kwanza, kimo baadaye.

Gharama ya ubanaji huo ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013–2014 ulikuta kuwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo takriban watoto 43 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Kwa hiyo, kusema kwamba mtoto ni mfupi kwa sababu ya ukoo wake huenda ni kweli, lakini haitoshi. Akilishwa vyema, IGF-1 hupanda tena. Lakini kimo kilichopotea katika miaka miwili ya mwanzo ni vigumu kukirudisha chote. Mlo wa mtoto mchanga ndio unaoamua ni kiasi gani cha urithi wake kitakachotimia.