Utengaji na Uchoraji wa Ramani za Ukanda wa Kijani katika Jiji la Arusha na Miteremko ya Mlima Meru: Ufafanuzi wa Dhana, Sheria na Vipimo

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ardhi inavyotengwa kuwa ukanda wa kijani katika mipangomiji, na namna utengaji huo unavyowekwa kwenye ramani, kwa kurejelea Jiji la Arusha na miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 416,442 katika jiji hilo. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 617,631. Watu hao zaidi ya laki mbili walioongezeka katika miaka kumi wamehitaji mahali pa kujenga, na baadhi yao wamepapata katikati ya migomba, pembezoni mwa mashamba ya kahawa na kwenye kingo za mito. Swali la nini kibaki kijani huonekana jepesi hadi pale mtu anapouliza: kijani hicho kimetengwa na nani, kwa sheria ipi, na mstari wake unapita wapi hasa?

Dhana na safari yake

Istilahi ya ukanda wa kijani hutumika kwa maana zaidi ya moja. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, jina hilo huamsha kumbukumbu ya harakati za upandaji miti zilizoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977. Maana hiyo si inayokusudiwa hapa. Katika mipangomiji, ukanda wa kijani ni ardhi inayozuiliwa kisheria isijengwe ili mji usitambae bila kikomo. Chimbuko lake huhusishwa na Ebenezer Howard, aliyependekeza mwaka 1898 miji-bustani iliyozungukwa na mashamba ya kudumu.

Uingereza iliipa dhana hiyo nguvu ya kisheria kwa hatua. Sheria ya mwaka 1938 iliziwezesha mamlaka za London na maeneo jirani kununua ardhi na kuiacha wazi. Sheria ya mwaka 1947 ilikwenda mbali zaidi: haki ya kuendeleza ardhi ilichukuliwa na dola, na ukawekwa mfuko wa fidia wa pauni milioni 300. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa pale dhana inaponakiliwa. Kilichosafiri kuja kwetu ni rangi ya kijani kwenye ramani. Mfuko wa fidia haukusafiri.

Tena, nafasi wazi katika miji ya kikoloni haikuwa na nia njema wakati wote. Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ilitengwa kama eneo la kutenganisha makazi ya Waafrika na yale ya Wazungu na Wahindi. Kwa hiyo mtafiti anayeandika kana kwamba kila ukanda wa kijani ni wema mtupu anaandika nusu ya historia.

Kijani kimoja, hadhi nne

Mpango Kabambe wa Arusha 2035, ulioandaliwa kwa msaada wa wataalamu washauri kutoka Singapore, unavuka mpaka wa jiji na kuingia katika sehemu za Halmashauri za Wilaya za Arusha na Meru. Uamuzi huo una mantiki, kwani maji hayajui mipaka ya halmashauri. Mito ya Themi, Naura, Ngarenaro na Burka hushuka kutoka mlimani kuelekea kusini; Themi huungana na Kikuletwa na hatimaye kuingia katika mfumo wa Mto Pangani. Lakini ramani ya eneo pana namna hii hukusanya chini ya rangi moja ardhi zenye hadhi tofauti kabisa.

Juu kabisa ipo ardhi ya hifadhi: Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, pamoja na misitu ya serikali inayozunguka mlima. Hapa mstari una tangazo la Gazeti la Serikali, na mjadala ni mfupi.

Chini yake ipo ardhi ya vihamba, yaani migomba, kahawa na miti iliyopandwa pamoja na familia zinazoishi humo. Kwa jicho la ndege eneo hili ni msitu. Kwa jicho la mwenyewe ni nyumbani. Baadhi yake ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kutangazwa kwa eneo la mipangomiji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 hakupaswi kuchanganywa na uhawilishaji wa ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, ambao una utaratibu wake na fidia yake.

Aina ya tatu ni mashamba makubwa ya kahawa, mfano yale ya Burka upande wa magharibi. Haya yamekuwa ukanda wa kijani kwa matendo bila kuhitaji jina hilo. Kinachoyalinda ni sharti la matumizi lililo katika hati, na sharti hilo laweza kuondolewa kwa ombi la kubadili matumizi ya ardhi. Ni kijani kinachotegemea bei ya kahawa ikilinganishwa na bei ya kiwanja.

Aina ya nne, iliyo na ugomvi zaidi, ni kingo za mito. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo inataja mita 60, lakini kwa njia nyingine: inampa Waziri uwezo wa kuitangaza ardhi hiyo kuwa ya hatari kwa kufuata utaratibu maalumu. Namba ni ileile, ila katika sheria moja katazo linajitegemea, na katika nyingine linasubiri tangazo. Maofisa wengi, na watafiti pia, huzitaja kwa pumzi moja.

Mita 60 si jambo dogo kwa mji ulioketi katikati ya mito. Pande zote mbili zikihesabiwa, kila kilomita moja ya mto hutenga hekta 12, mbali na upana wa mto wenyewe.

Mstari unapita wapi?

Ramani nyingi za kijani siku hizi huanza na picha za setilaiti. Kipimo cha uoto hupatikana kwa kutoa mwanga mwekundu kutoka kwa ule wa infraredi ya karibu, kisha kugawanya kwa jumla ya mianga hiyo miwili. Jibu huwa kati ya -1 na +1. Kipimo hiki hutambua jani lenye afya. Hakitambui mwenye jani. Kahawa chini ya kivuli, migomba, mikaratusi na ua mnene wa nyumba ya kifahari vyaweza kupata thamani zinazokaribiana. Zaidi ya hayo, kiwanja kilichopimwa na kisichojengwa huota nyasi wakati wa masika kikaonekana hifadhi, kisha kikaonekana jangwa mwezi Februari. Picha ya msimu mmoja haitoshi.

Ukubwa wa pikseli nao una maana. Ukanda wa mita 60 huchukua pikseli sita za Sentinel-2, lakini mbili tu za Landsat. Mtu anayechora ukingo wa Naura kwa Landsat anakisia.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, imo katika misingi ya vipimo. Ramani na michoro mingi ya zamani ya Tanzania ilitumia mfumo wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS hutumia WGS 84. Pointi moja ikisomwa kwa mfumo usio wake huhama karibu mita 300, hasa kuelekea kaskazini au kusini. Mwandishi aliwahi kupandanisha mchoro wa mipangomiji na picha ya setilaiti bila kubadilisha mfumo, na kwa siku mbili aliamini kwamba amegundua mtaa mzima uliojengwa ndani ya mto. Mtaa ulikuwa mahali pake. Mto ndio uliohamishwa. Kosa hilo ni mara tano ya ukanda wenyewe, na laiti lingeingia katika notisi ya kubomoa, lisingechekesha.

Hata mfumo ukiwa sahihi, yabaki maswali ya ardhini. Sheria inapima kutoka ukingoni, ilhali tabaka za mito katika kompyuta aghalabu ni mistari ya katikati. Kwa mto wa upana wa mita 10, kila upande unapoteza mita tano. Aidha, mita 60 zilizopimwa kwa utepe juu ya mteremko wa asilimia 30 ni kama mita 57.5 kwenye ramani. Nyumba iliyo mita 58 kutoka mtoni kwa ramani basi ni halali kwa fundi wa utepe na haramu kwa mchora ramani.

Kumbukumbu ya mistari iliyotangulia

Wakazi wa Meru hawaanzi leo kuishi na mikanda. Tangu enzi ya Wajerumani, msitu uliohifadhiwa uliwafunga kwa juu, na mashamba ya walowezi yakawafunga kwa chini. Wanahistoria huita hali hiyo pete ya chuma. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu ili kupisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet aliifikisha kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mpima ardhi anayefika kijijini na vigingi vya ukanda wa kijani anaikuta kumbukumbu hiyo ikimsubiri. Si haki kuita upinzani wa wanakijiji kuwa ukosefu wa elimu ya mazingira, kwani vihamba vyao ndivyo vilivyoifanya miteremko hiyo iwe kijani hadi leo.

Kutokana na hayo, utafiti huu unapendekeza kwamba kila poligoni ya kijani katika hifadhidata ya jiji iambatane na taarifa sita: sheria inayoitenga, namba ya tangazo, tarehe yake, wenye haki ndani yake, chanzo cha mstari, na usahihi wake kwa mita. Mipaka ya kingo itembelewe kwa miguu pamoja na wazee na wenyeviti wa mitaa kabla ramani haijabandikwa hadharani. Poligoni isiyo na tangazo ichorwe kwa mstari wa vipande vipande na kuandikwa pendekezo, na isitumiwe na ofisi yoyote kukataa kibali cha ujenzi wala kumwondoa mtu.