Takaba: Radi Haiji kwa Plagi Pekee

MWEZI wa Aprili, wingu jeusi likitanda juu ya Takaba, mfugaji hushukuru Mungu. Mvua za masika, ambazo Wasomali huziita Gu, zimefika. Lakini karani mwenye kompyuta sita ofisini hukimbilia ukutani akachomoa plagi.

Amefanya vyema, ila kazi ameifanya nusu. Kompyuta zake zingali zimefungamana kwa nyaya za mtandao, nazo ni za shaba. Shaba haichagui: hupitisha barua za ofisi, na radi pia.

Tena si lazima radi ipige jengo lenyewe. Mpigo wa kawaida hubeba ampea zipatazo 30,000. Ukishuka jirani tu, huzusha umeme ndani ya waya wowote mrefu, hasa uliovutwa nje kutoka jengo moja hadi jingine. Umeme huo huingia katika swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, na kutoka hapo kila mashine hupata fungu lake. Kupata swichi nyingine ni safari ya mamia ya kilomita hadi Nairobi. Rekodi zilizoungua hazinunuliki popote.

Basi chomoa plagi na waya wa mtandao, na mapema. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zisipofika 30, umechelewa. Usiguse waya wowote. Heri kompyuta iungue kuliko wewe.

Wako wanaonunua vifaa vya kuzuia umeme wa ghafla na kulala usingizi. Vifaa hivyo havimezi radi. Huielekeza ardhini kupitia waya wa athi. Hapo ndipo penye taabu Takaba. Udongo mkavu haupokei umeme kwa urahisi, na radi za kwanza hupiga kabla ardhi haijalowa chini. Chuma kifupi kinachotosha Kakamega, kwenye mvua tele, hakitoshi huku. Fundi azamishe vyuma virefu kadhaa na kuviunganisha. Athi ya mlingoti wa mtandao na ile ya stima nazo ziunganishwe, la sivyo umeme utapita ndani ya kompyuta ukitafuta njia kutoka moja hadi nyingine.

Kati ya majengo mawili, dawa bora ni waya wa nyuzi za kioo usio na chuma ndani. Kioo hupitisha mwanga, si umeme. Ni ghali kidogo, lakini mwenye kulia bei na apige hesabu ya kompyuta sita.

Stima nayo ina vituko vyake, hata bila wingu. Ikipotea, zima kila kitu. Ikirudi, ngoja dakika chache itulie, ndipo uwashe mashine moja moja.