Sekunde saba za ngoma zilizolisha dunia, mpigaji akafa maskini

WAPENZI wa nyimbo za kale wanapokutana na kutajiana vibao vyao, aghalabu hujigawa kwa makundi. Huyu anashabikia fanki, yule panki, wa tatu ni wa disko, na kijana wa hip-hop hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Hata hivyo, anayezichunguza nyimbo hizo kwa makini atatambua kwamba nyingi ni ndugu wa toka nitoke. Zimekuwa zikikopeshana midundo kwa zaidi ya miaka 50, na katika kukopeshana huko wapo waliotajirika na wapo walioambulia patupu.

Ushahidi mkubwa zaidi ni santuri iliyorekodiwa na bendi ya The Winstons mjini Atlanta, Marekani, mwaka wa 1969. Upande wa kwanza ulikuwa na wimbo Color Him Father, ulionunuliwa kwa wingi na kumpatia kiongozi wa bendi, Richard Spencer, tuzo ya Grammy mwaka wa 1970.

Upande wa pili ulijazwa kibao kisichokuwa na maneno, Amen, Brother, kilichotokana na wimbo wa kanisani. Katikati ya kibao hicho ala zote zinanyamaza na kumwachia uwanja mpigangoma Gregory Coleman kwa muda wa sekunde saba hivi. Kisha wenzake wanarejea, na wimbo unaisha bila makuu. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyeushughulikia sana.

Ili kufahamu jinsi sekunde hizo zilivyofufuka, sharti twende mtaa wa Bronx, New York. Mnamo Agosti 11, 1973, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, maarufu kama Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe iliyoandaliwa na dadake katika jumba la makazi nambari 1520, barabara ya Sedgwick.

Herc alikuwa amegundua kwamba wachezaji hawakuusubiri wimbo mzima. Walisubiri kile kipande ambapo waimbaji na tarumbeta hunyamaza, ngoma zikabaki peke yake. Basi alichukua nakala mbili za santuri moja, na kipande kilipokwisha kwenye ya kwanza, alikianzisha upya kwenye ya pili. Sekunde chache za James Brown zikawa dakika kadhaa za dansi. Huo ndio msingi wa hip-hop.

Kupendekezeana nyimbo hakukuwa jambo la hisani siku hizo. Herc aliroweka santuri zake majini ili kubandua vibandiko, wapinzani wake wasije wakasoma jina la wimbo. Jina la wimbo adimu lilikuwa mtaji, na mtaji haugawiwi ovyo.

Wala mipaka ya rangi na bara haikuwazuia wanamuziki. Planet Rock, kibao cha hip-hop cha mwaka wa 1982, kilijengwa juu ya muziki wa bendi ya Kraftwerk kutoka Ujerumani. Jijini London, klabu ya Roxy ilipofunguliwa kwa ajili ya vijana wa panki, santuri za panki zilikuwa bado haba mno. Don Letts, aliyekuwa akipiga muziki hapo mwaka wa 1977, akawapigia rege, nao wakaipenda.

Bendi ya panki ya The Clash ilikwenda mbali zaidi. Ilirekodi wimbo wa kufokafoka, The Magnificent Seven, na mwaka wa 1981 ikamwalika Grandmaster Flash na kundi lake kutumbuiza mwanzoni mwa tamasha zake New York. Mashabiki wa panki waliwazomea wageni hao na kuwarushia vitu. Wanamuziki walikuwa wameshaelewana, mashabiki wao bado.

Turejee kwa Coleman. Mwaka wa 1986, Amen, Brother iliingizwa katika mfululizo wa santuri uitwao Ultimate Breaks and Beats, uliokusanya vipande vya namna hii kwa matumizi ya madijei. Siri iliyorowekwa majini sasa ilikuwa ikiuzwa dukani.

Wakati huohuo zilikuwa zikienea mashine za kunyofoa kipande cha sauti kutoka kwa santuri na kukirudia upendavyo. Ngoma za Coleman ziliifaa kazi hiyo kuliko nyingine zozote kwa sababu hazikufunikwa na ala nyingine, na kuelekea mwisho pigo moja linachelewa, mdundo ukapepesuka kidogo kabla ya kujiweka sawa. N.W.A waliutumia mdundo huo katika Straight Outta Compton mwaka wa 1988. Miaka michache baadaye, vijana wa Uingereza waliuongeza kasi na kuukatakata hadi ukazaa mtindo wa jungle. Leo unapatikana katika maelfu ya nyimbo.

Spencer alipata fununu za hayo yote mwaka wa 1996, alipopigiwa simu kutoka Uingereza na mtu aliyetaka kununua kanda asilia. Kufikia hapo, muda wa kushtaki chini ya sheria za Marekani ulikuwa umepita kwa nyimbo nyingi. Coleman alifariki mwaka wa 2006 akiwa hana makao. Mnamo 2015 mashabiki wa Uingereza walimchangia Spencer takriban pauni 24,000, naye akaaga dunia mwaka wa 2020.

Mwenzake katika mkosi huo ni Clyde Stubblefield, mpigangoma wa James Brown katika Funky Drummer ya mwaka wa 1970. Mdundo wake umo ndani ya Fight the Power ya Public Enemy na nyimbo nyingine chungu nzima, lakini mtunzi aliyeandikwa ni Brown pekee. Alipougua, bili kubwa ya hospitali ililipwa na Prince, kwa siri. Stubblefield alifariki mwaka wa 2017.

Linganisha na kisa cha Good Times, wimbo wa bendi ya Chic wa 1979. Kundi la Sugarhill Gang lilipoutumia muziki huo katika Rapper's Delight mwaka huohuo, Nile Rodgers na Bernard Edwards walitishia kwenda kortini na wakatambuliwa kuwa watunzi. Wao walikuwa wameuandika wimbo. Sheria humlinda mtunzi wa wimbo na mwenye rekodi. Mpigangoma aliyebuni mdundo papo hapo studioni kwa kawaida si mmoja wa hao.

Mwafrika mwenzetu Manu Dibango wa Cameroon alikuwa na bahati ya kuwa mtunzi. Soul Makossa yake ya 1972, nayo ikiwa upande wa pili wa santuri iliyotolewa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ilivuma katika kumbi za disko za New York, na Michael Jackson akaichotea maneno. Dibango alidai haki yake, wakapatana.

Mwaka wa 1991 jaji mmoja wa New York aliianza hukumu dhidi ya Biz Markie kwa kunukuu amri ya Mungu inayoharamisha wizi. Tangu hapo kampuni nyingi za Marekani huomba ruhusa kwanza.

Ukopaji huo haukukwepa Nairobi. Katika miaka ya 1990, Hardstone aliunganisha wimbo wa harusi wa Agikuyu na mdundo wa Sexual Healing wa Marvin Gaye, akapata Uhiki, kibao ambacho wengi bado wanakicheza.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ya Kenya inazitambua haki za mtumbuizaji kando na za mtunzi, jambo ambalo lingemfaa Coleman. Lakini wakati ambapo haki ya mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, ile ya mtumbuizaji hukoma miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka wa kurekodiwa. Mpigangoma aliyeingia studio Nairobi mwaka wa 1970 amekwisha kuipoteza, hata kama angali hai.